Dinari ya Kirumi: huyu mwanamke mwenye ndoo na kulabu ni nani?

Sarafu_Kale

Wakuu, salaam. Naomba msaada kuisoma sarafu ya fedha ya Kirumi. Uzito gramu 3.20, upana milimita 17 kwa 18 (haikukaa duara sawasawa), ukingoni ina nyufa mbili fupi.

Upande wa kichwa kuna mwanamume mwenye ndevu anayetazama kulia, amevaa taji la majani, kamba za taji zinaning'inia kisogoni. Maandishi yanayomzunguka ni ANTONINVS AVG PIVS P P TR P XI, na baada ya hapo pamesagika, huenda kuna alama moja zaidi.

Upande wa pili kuna mwanamke amesimama, uso kushoto. Mkono mmoja una vijiti viwili kama mashina ya mpunga, mwingine umeshika kitu kirefu chenye kulabu mbili chini. Miguuni pake kuna ndoo imejaa kitu. Maandishi ni COS upande huu na IIII upande ule, basi.

Muuzaji anasema huyo ni malkia, mke wa Kaisari, na kwamba COS IIII ni mwaka wa nne wa utawala. Sikubaliani naye ila hoja sina. Ni nani huyu, sarafu ni ya mwaka gani, na nitajuaje kama ni fedha kweli?

---

Mzee_wa_Mizani

Muuzaji amekosea yote mawili.

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Makaisari kadhaa walijiita ANTONINVS, kwa hiyo tazama mpangilio wa maneno. AVG (Augustus, cheo cha Kaisari) ikitangulia PIVS, kama kwako, ni Antoninus Pius, aliyetawala 138 hadi 161. Ukikuta ANTONINVS PIVS AVG, huyo ni Caracalla, wa nusu karne hivi baadaye, na ikianza na IMP (imperator, cheo kingine cha Kaisari) mara nyingi ni Elagabalus. Marcus Aurelius huandikwa M ANTONINVS AVG. Maneno ni yaleyale, nafasi tu ndizo zimehama.

P P ni pater patriae, Baba wa Taifa. (Naam, cheo hicho ni cha kale kuliko tunavyodhani.) TR P ni mamlaka ya utribuni, yaani ya mtetezi wa raia, ambayo kwa wakati huo Kaisari alihesabiwa upya kila tarehe 10 Desemba. Namba inayofuata TR P ndiyo kalenda yako: XI inakupeleka Desemba 147 hadi Desemba 148, na XII ni Desemba 148 hadi Desemba 149.

COS IIII haina habari ya mwaka wa nne wa utawala. Maana yake ni "konsuli kwa mara ya nne", konsuli kikiwa cheo cha juu cha serikali ya Roma. Antoninus alishika ukonsuli wa nne mwaka 145 na hakushika tena, kwa hiyo aliendelea kuandikwa COS IIII mpaka anakufa. Ukiisoma peke yake inakupa mtawanyiko wa miaka 16. Ndiyo maana ile alama iliyosagika upande wa kichwa ina thamani kuliko maandishi yote ya upande wa pili.

Sasa mwanamke. Ni Annona, yaani akiba ya nafaka ya jiji la Roma, iliyochorwa kama mtu. Vijiti viwili ni masuke ya ngano. Ndoo ni modius, pishi yao ya kupimia nafaka, iliyochukua lita 8.7 hivi, na kinachochomoza juu yake ni masuke tena. Hicho chenye kulabu mbili ni nanga. Imo kwa sababu ngano ya Roma ilikuja kwa meli, hasa kutoka Misri na kutoka jimbo lao la Africa, ikashushwa bandarini karibu na Ostia. Kuna matoleo mengine ambapo pishi imekaa juu ya omo la meli, au nanga imeuachia usukani nafasi. Habari ni ileile: chakula kimefika.

Malkia angekuwa na jina lake. Faustina, mke wa Antoninus, ana sarafu zake mwenyewe, na sura yake na jina lake viko upande wa kichwa. Mwanamke wa upande wa pili ni mungu au ni wazo lililopewa mwili, isipokuwa pale maandishi yanaposema vinginevyo.

---

BintiMakumbusho

Nakubaliana na Mzee kuhusu Annona. Naongeza namna ya kuwatofautisha hawa wanawake, maana swali hili linarudi kila mara na watu hutazama uso. Uso haukusaidii kitu, wote wamechorwa mwanamke yuleyule mwenye vazi refu. Tazama mikono, kisha miguuni.

Mkono wa kushoto mara nyingi una pembe iliyojaa matunda, na ndiyo inayowapoteza watu. Pembe hiyo wanashika wengi mno, kwa hiyo peke yake haikuambii lolote. Mwamuzi ni mkono wa kulia. Ukiwa na usukani, ni Fortuna. Fimbo fupi iliyozungukwa na nyoka wawili ni Felicitas. Tawi la mzeituni ni Pax. Kibao cha mraba chenye mpini na vitundu, ambacho kwenye sarafu iliyochakaa kinaonekana kama kitana, ni cha kuhesabia fedha za kugawia watu, na mwenyewe ni Liberalitas. Usimchanganye na Libertas kwa kuwa majina yanafanana: Libertas anashika kofia, ile aliyovishwa mtumwa siku ya kuachwa huru.

Mizani na pembe ni kesi ngumu. Anaweza kuwa Aequitas, usawa, au Moneta, mlinzi wa kiwanda cha fedha. Wamechorwa sawa kabisa, hakuna kidole wala mkunjo wa nguo unaowatenganisha. Bila neno AEQVITAS au MONETA lililosalia, andika tu "Aequitas au Moneta" uishie hapo. Anayekwambia anawajua kwa sura anakudanganya.

Wengine ni rahisi. Spes, tumaini, ana ua mkono wa kulia na kwa wa kushoto anainua pindo la gauni kana kwamba anavuka dimbwi. Salus analisha nyoka kwenye kisahani. Victoria ana mabawa, shada na kuti la mtende. Pietas amejifunika ushungi, na mara nyingi yuko mbele ya madhabahu. Securitas ameegemeza kiwiko juu ya nguzo kama mtu aliyemaliza kazi. Virtus na Roma huvaa kofia ya chuma na kushika silaha, na wanaoanza huwaandika "askari".

Sehemu zilizoinuka zaidi ndizo zinazolika kwanza: uso, kifua, goti. Vitu vya mkononi viko karibu na ukingo, chini kidogo, kwa hiyo hudumu kuliko sura. Adui wa vitu hivyo ni pigo moja la nyundo lililokwenda pembeni. Sarafu hizi ziligongwa kwa mkono. Chapa ya kichwa ilikazwa kwenye fuawe, ya upande wa pili ilishikwa juu na kupigwa, na ikiteleza milimita 2 tu, nanga yote inabaki nje ya fedha.

Kwa ile namba: zima taa ya dari, weka tochi moja chini kabisa, usawa wa meza, kisha zungusha sarafu polepole badala ya kuzungusha tochi. Alama iliyosagika huacha kivuli chembamba kwenye pembe moja tu. Hesabu pia nafasi. Maandishi yanaanza karibu na shingo upande wa kushoto na kumalizikia karibu na shingo upande wa kulia. Ikiwa baada ya XI pamebaki upana wa herufi nzima kabla ya shingo, kuna uwezekano mkubwa palikuwa na I ya pili.

Ukifika kwenye katalogi utakuta namba ya mhimili, yaani picha ya upande wa pili imeelekea wapi ukilinganisha na ya kichwa, mara nyingi 6 au 12. Hiyo ni namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunayoitamka. 6 maana yake ukigeuza sarafu kama ukurasa wa kitabu, picha ya pili iko kichwa chini. Mswahili akisikia "sita" anafikiria adhuhuri, akrabu ikiwa juu, anaandika kinyume.

---

Sarafu_Kale

Nimeelewa, ahsanteni. Kumbe ndoo ni pishi! Bado swali la fedha. Sumaku haikuishika. Je, hiyo inatosha? Na kuna weusi kwenye mikunjo ya vazi, niusafishe?

---

Sonara

Sumaku haitoshi. Inakamata chuma na metali chache tu kama nikeli. Shaba haishikwi, bati halishikwi, risasi haishikwi, na waghushi wanalijua hilo tangu enzi za Roma yenyewe.

Kwanza ujue unatafuta fedha ya kiwango gani, maana si dinari zote ni fedha safi. Dinari ilipoanza, kama mwaka 211 kabla ya Kristo, ilikuwa gramu 4.5 hivi za fedha karibu safi, kisha ikashuka hadi karibu gramu 3.9. Mwaka 64 Nero alipunguza uzito na kuongeza shaba. Chini ya Antoninus Pius fedha ni takribani asilimia 80. Septimius Severus aliishusha karibu nusu kwa nusu. Kufikia miaka ya 260, sarafu iliyochukua nafasi ya dinari, ile ya taji la miale ya jua kichwani, ilikuwa shaba iliyopakwa fedha usoni. Gramu 3.20 kwa Antoninus ni uzito wa kawaida kabisa.

Sasa kipimo cha ujazo. Weka kikombe cha maji kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize izame yote bila kugusa chini wala kingo. Toa mapovu kwa kutikisa uzi. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha safi inatoa 10.5, mchanganyiko wa asilimia 80 na shaba unatoa 10.1 hivi, shaba tupu inakaribia 9, bati ni 7.3.

Lakini usijidanganye na mizani ya jikoni, wala na ile ya mfukoni ya sehemu ya mia ya gramu. Sarafu yako itasukuma gramu 0.316 hivi za maji. Mizani ya sehemu ya mia itasoma 0.31 au 0.32, na majibu yatakuwa 10.3 au 10.0. Kwa hiyo itakwambia "si bati, si shaba tupu" na hapo ndio mwisho wake. Ukitaka kutenganisha asilimia 80 na 90 unahitaji mizani ya sehemu ya elfu.

Tatizo la pili: kulikuwa na dinari bandia za enzi hizohizo, kiini cha shaba kilichovikwa bamba jembamba la fedha kisha kikagongwa. Hizi hupungua uzito, na bamba hutoboka kwenye sehemu za juu: shavu, nywele, ukingo. Tafuta madoa ya kijani au ya hudhurungi hapo kwa lenzi ya mara 10. Ukiona mahali fedha imebanduka kama ganda la rangi na chini yake ni wekundu, umepata jibu bila maji.

Ughushi mwingine wa siku hizi ni wa kumimina. Dalili zake ni vipele vidogo au vitundu vya hewa sehemu zilizo tambarare, herufi zenye mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika, na mstari wa kuungia kwenye ukingo, au alama za tupa mahali mstari ulipoondolewa. Sarafu iliyogongwa ina herufi zenye kingo kali na mikwaruzo laini inayotoka katikati kwenda nje, fedha ilipokimbia chini ya pigo. Zile nyufa zako mbili za ukingoni ni dalili nzuri, kwa sababu kipande cha fedha kilipopanuka ghafla kilipasuka. Hata hivyo ufa nao unaweza kunakiliwa kwa kumimina. Mulika ndani yake: ufa wa kweli unaingia chini na una giza, wa kunakiliwa ni mfereji wenye sakafu.

Usiidondoshe mezani kusikiliza mlio. Fedha iliyokaa ardhini karne nyingi hugeuka chenga ndani na inaweza kukatika kama biskuti.

Weusi uache. Najua majivu na ndimu vimeng'arisha vyombo vingi, lakini hapa ndimu itakula shaba iliyomo kwenye mchanganyiko na kuacha uso wenye vitundu kama sifongo. Dawa ya meno inakwangua. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled) ya betri ya gari, kwa siku moja, ukihakikisha ni maji matupu na si ile asidi, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa bila kusugua. Usiitunze kwenye mfuko wa plastiki laini unaonuka, baada ya muda huacha utelezi wa kijani.

---

Pwani_Historia

Dondoo moja kwa wanaosoma Biblia. Dinari ya Mathayo 22, ile iliyoulizwa sanamu na anwani yake ni ya nani, wakusanyaji huihusisha na dinari ya Tiberius. Upande wa kichwa ina TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberius, mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Upande wa pili ina PONTIF MAXIM na mwanamke aliyeketi na fimbo ndefu na tawi, ambaye wengi humwita Livia, mama yake. Kwa Myahudi wa Yerusalemu, maandishi hayo yalikuwa na uzito kuliko kodi yenyewe.

Zile za Tiberius, pamoja na za Augustus zenye wajukuu wake Gaius na Lucius wakisimama na ngao na mikuki, zimefukuliwa kwa wingi kusini mwa India. Nyingine zimekatwa kwa patasi usoni. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme wa Sri Lanka alistaajabu kuona dinari zenye sura tofauti zikiwa na uzito mmoja.

Kuhusu pwani yetu, msikimbilie kusema Rhapta, bandari ya kale ya huku kwetu, ililipwa dinari. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja bidhaa zilizoletwa huku: mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, hasa kwa soko hili, mashoka, visu, sindano za cherehani ya ngozi na vyombo vya kioo. Dinari za dhahabu na fedha kinazitaja zikienda Barygaza, India, ambako zilibadilishwa kwa faida.

---

Mzee_wa_Mizani

Pwani, hizo si sindano za cherehani, ni misharasi, vyuma vya kutobolea ngozi. Cherehani ya karne ya 1 itatuletea matata. Mengine sawa.

Kwa kuwa umefika bara letu: kuna dinari ya Kaisari Hadrian yenye neno AFRICA, mwanamke amejinyoosha akiwa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga ukiwa juu ya paji, nge mkononi, pembe ya matunda mkono wa pili na kikapu cha nafaka miguuni. Inauzwa mitandaoni kama "Waroma na bara la Afrika". Africa hapo ni jimbo lao, leo ni Tunisia na sehemu za Algeria na Libya. Kikapu hicho na pishi ya Annona ni ngano ileile, moja ikiwa shambani na nyingine ikiwa bandarini.

Na usinunue kwa haraka sarafu ya Brutus yenye kofia katikati ya majambia mawili na maneno EID MAR, yaani katikati ya Machi. Iligongwa mwaka 43 au 42 kabla ya Kristo baada ya kuuawa kwa Julius Caesar, ni adimu mno, na karibu kila inayotembezwa kwa bei ya kuku ni ya kughushi.

---

Pwani_Historia

Misharasi, kweli. Mkono ulitangulia akili.

---

Sarafu_Kale

Tochi imefanya kazi. Kwenye pembe moja tu, upande wa shingo, kivuli cha mstari mmoja zaidi kimetokea baada ya XI, na kabla ya shingo hapabaki nafasi ya herufi nyingine. Ufa mmoja ni mweusi hadi ndani, wa pili bado nautazama.

---

BintiMakumbusho

Basi andika hivi: Antoninus Pius, dinari, Roma, TR P XII, 148 hadi 149. Nyuma COS IIII, Annona amesimama kushoto, masuke na nanga, pishi miguuni. Gramu 3.20. Mhimili upime kabla hujaiweka, maana hukututajia.